Anatapika, tumbo limejaa, hajambi: hilo si chango wala gesi, utumbo umeziba. Someni kabla hamjampa mtu haluli

#1 MsolwaMpunga (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Uzi huu nimekaa nao moyoni tangu tulipomaliza arobaini ya baba mdogo. Nauleta kwa sababu kila ninayemsimulia kilichomuua ananiambia, "Hata sisi tungefanya hivyo hivyo." Hilo ndilo linaloniuma. Hatukumtupa. Tulimuuguza mchana na usiku, watu wazima sita ndani ya nyumba moja, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba tunachokitazama ni utumbo ulioziba.

Ilianza Jumamosi saa 4 usiku, baada ya chakula. Tumbo lilimkamata kwenye kitovu, akajikunja, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Kisha likaachia. Akakaa, akaomba maji, akaniuliza kama wameshafungulia maji kwenye jaruba la chini. Nikadhani yamekwisha. Dakika chache baadaye likarudi, kali kuliko mwanzo. Ikawa hivyo hadi alfajiri: linakamata, linaachia, linakamata. Mama mdogo akasema ni chango, akamchemshia mizizi.

Usiku huo huo alianza kutapika. Kwanza ulitoka wali wa jioni. Asubuhi yakawa maji ya njano, kisha ya kijani kama maji ya majani yaliyochemshwa. Jumapili jioni beseni nilikuwa nimelishika mimi. Kilichotoka kilikuwa cha rangi ya udongo na kilinuka kinyesi. Nilitoka nje, nikamwaga, nikarudi, sikumwambia mtu. Nilidhani labda pua yangu ndiyo mbaya. Leo najua kwamba ile harufu peke yake ilitosha kutufanya tukodi gari.

Jirani alileta haluli, ile dawa ya kuharisha, kwa nia njema kabisa. Akanywa nusu kikombe. Maumivu yakapanda mpaka mzee wa watu, ambaye sijawahi kumsikia akilia, akalia. Mchana alikwenda chooni, akapata choo kidogo, na sisi tukashangilia: choo kimetoka, basi, dawa imefanya kazi. Baadaye daktari alinieleza kwamba kile kilikuwa mabaki yaliyokuwa chini ya mahali palipoziba. Kule juu hakuna kilichopita.

Jumatatu alfajiri maumivu yalipungua. Tukasema alhamdulillah. Alikuwa amelala chali, kimya, jasho la baridi limemtoka kwenye paji la uso, na tumbo limekaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Tulimpeleka hospitali tukiamini tunampeleka mtu anayepata nafuu.

Daktari wa zamu hakuanza na tumbo. Alifungua kikoi, akaangalia kinenani. Upande wa kulia palikuwa na uvimbe kama limau, mgumu, ngozi juu yake imeiva na kuwa nyeusi nyeusi. Akauliza, "Hii ngiri anayo tangu lini?" Sote tukatazamana. Mama mdogo ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini: miaka minane. Kila jioni akirudi shamba alikuwa akilala chali na kuirudisha ndani kwa mkono. Hakutaka wanawe wajue.

Kipande cha utumbo kilikuwa kimeingia kwenye lile tundu la ngiri, yaani mahali palipoachia kwenye ukuta wa tumbo, kikanaswa, damu ikashindwa kupita. Pale hapakuwa na daktari wa upasuaji siku hiyo. Rufaa ikaandikwa, gari likasubiri mafuta, saa zikaenda. Alipasuliwa usiku. Walikata karibu mita nzima ya utumbo uliokuwa umekufa. Jumatano alfajiri akatutoka. Allah amrehemu.

Ndugu zangu, yako mambo manne, na baba mdogo alikuwa nayo yote: tumbo la msokoto linalokuja na kuondoka, kutapika, tumbo kujaa, na kukosa choo pamoja na upepo. Nawaomba wauguzi na madaktari mliomo humu mwongeze. Na wengine, kama mna mgonjwa wa namna hii nyumbani wakati mnasoma, funga simu kwanza mwondoke.

#2 Tumaini_Iringa

Pole sana mkuu, Mungu ampumzishe.

Naomba kuuliza kwa dhati. Mimi mwenyewe nakaa hata siku tatu bila kwenda haja kubwa, ndivyo nilivyo tangu utoto. Nitajuaje kwamba hii ni kawaida yangu na hii ni hatari?

#3 NesiWaZamu

Pole MsolwaMpunga. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka kumi na mmoja na nimesoma posti yako mara mbili.

Tumaini, swali langu la kwanza kwa mgonjwa halihusu choo, linahusu upepo. "Mara ya mwisho umejamba lini?" Watu wazima wanaona haya, wengine wanamwangalia mkwe aliyewaleta, basi namtoa mkwe nje kwanza. Mwenye choo kigumu, hata akae siku tano, upepo unapita. Anakula, ingawa kwa shida. Hatapiki. Tumbo lake linaweza kuwa zito lakini halimkunji. Utumbo ukiziba kabisa hata upepo unakwama, na chakula kinarudi kilikotoka. Kwa hiyo siku tatu bila choo huku unakula, unajamba na hutapiki, hiyo ni habari nyingine. Muda wa saa kumi na mbili bila upepo huku unatapika ni dharura.

Msingoje yote manne yatimie, maana mpangilio unategemea palipoziba. Pakiziba juu, karibu na mfuko wa chakula, mtu anatapika mapema na kwa wingi, na tumbo linaweza lisivimbe kabisa. Pakiziba chini, kwenye utumbo mpana, tumbo linavimba kwanza, linakuwa kubwa kweli, na kutapika kunaweza kuchelewa hata siku mbili tatu. Na kuna waliozibwa nusu: hao hata kuharisha wanaharisha, majimaji kidogo kidogo, na hapo ndipo wengi wanapotibiwa kuhara.

Rangi ya matapishi inasema mengi. Kijani ni nyongo. Rangi ya udongo yenye harufu ya kinyesi ni maji yaliyokaa ndani ya utumbo uliofungwa muda mrefu mpaka bakteria wakayachachua. Pua yako mkuu haikuwa mbaya.

Sasa kwa nini haluli ni hatari hapa. Mwili wa mtu mzima humwaga ndani ya njia ya chakula lita saba hadi nane za majimaji kila siku: mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Karibu yote hurudishwa mwilini huko mbele. Utumbo ukifungwa yanarundikana pale. Ndiyo maana mgonjwa tumbo linajaa maji huku yeye mwenyewe anakauka, ulimi kama karatasi, mkojo kidogo na wa rangi ya chai. Sasa wewe unampa dawa inayovuta maji mengine zaidi ndani ya utumbo na kuusukuma kwa nguvu kwenye lango lililofungwa. Unaweza kuutoboa.

Kwa hiyo: hakuna haluli, hakuna mafuta ya nyonyo, hakuna kupigwa bomba, hakuna kukandwa tumbo. Na hakuna chakula. Najua mama zetu hawawezi kumwona mgonjwa hajala wakanyamaza, lakini uji mnaomlazimisha anywe atautapika, na wakati wa kutapika unaweza kuingia kwenye mapafu. Mloweshe midomo kwa kitambaa, mlaze kwa ubavu, mwondoke.

#4 Mchongoma

Kwa heshima zote, naomba nitofautiane kidogo. Bibi yangu alikuwa anatibu matumbo kijijini maisha yake yote na haluli na majani, na watu walikuwa wanapona. Nimeona kwa macho yangu. Na hospitali nako tunajua, ukifika na tumbo wanakimbilia kisu. Mtu ana watoto wanne, akipasuliwa nani atalima? Watu wanaogopa kwa sababu, siyo kwa ujinga.

#5 Dkt_Mpasuaji

Mchongoma, umesema vizuri na sitambeza bibi yako. Wengi wa waliomwendea walikuwa na choo kigumu au tumbo lililochafuka, na hao haluli iliwafaa kweli. Tatizo ni yule mmoja kati yao ambaye utumbo ulikuwa umefungwa. Kwa mtazamo wa nje wanafanana, wote wanashika tumbo. Bibi hakuwa na njia ya kumjua, na yule mmoja akifa ilisemwa ameandamwa.

Kuhusu kisu: si kila aliyeziba utumbo anapasuliwa. Nitaeleza tunachofanya ili hofu ipungue. Ukifika tunakuwekea dripu, maana umepungukiwa maji na chumvi, potasiamu hasa. Tunapitisha mpira mwembamba puani hadi tumboni, unanyonya yale yaliyorundikana, na kutapika kunakoma. Tunaweka mpira wa mkojo tuone figo zinafanyaje. Kisha picha. Kwenye eksirei ya tumbo iliyopigwa ukiwa umesimama, utumbo ulioziba unaonyesha hewa juu na maji chini, mistari mistari iliyopandana kama ngazi. Palipo na CT, ile picha ya kompyuta, inatuambia pia mahali na sababu.

Sababu ndiyo inayoamua. Waliowahi kupasuliwa tumboni, iwe kidole tumbo, kizazi au uzazi wa upasuaji, wanaweza kuwa na makovu ya ndani yanayoushika utumbo na kuukunja. Hawa, kama hakuna dalili kwamba utumbo unakufa, tunawasubiri kwa mpira na dripu hadi siku tatu, na wengi huachia bila kisu. Ngiri iliyonaswa haisubiri. Utumbo uliokatiwa damu unaweza kufa ndani ya saa sita hivi. Halafu kuna utumbo mpana kujisokota, ugonjwa ninaouona sana kwa wazee wa kiume huku kwetu. Kuna kifua kikuu cha tumbo, ambacho hubana utumbo polepole kwa miezi. Kuna saratani ya utumbo mpana: huyo ukimuuliza vizuri atakwambia choo kilibadilika muda mrefu, kimekuwa chembamba, kina damu, na suruali zimempwaya. Kwa watoto kuna bonge la minyoo ya askaris, ile mikubwa ya mviringo. Mnyoo jike mmoja hufika sentimita 20 hadi 35, sasa fikirieni mamia wamejiviringisha mahali pamoja.

Kinachonifanya nikimbie ni mabadiliko ya maumivu. Yale ya kuja na kuondoka ni utumbo unapigana na kizuizi. Yakiwa ya moja kwa moja bila kuachia, au homa ikaingia, moyo ukaenda mbio, tumbo likawa gumu kiasi kwamba mgonjwa hataki hata shuka limguse, utumbo unakufa au umeshatoboka. Na maumivu yakipungua huku mtu anazidi kulegea na kupoa, kama baba mdogo wake MsolwaMpunga, hiyo si nafuu. Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa usemi wa wapasuaji wa zamani: jua lisichomoze wala lisizame juu ya utumbo ulioziba. Siku hizi makovu tunayasubiri, lakini tunayasubiri mgonjwa akiwa wodini mikononi mwetu. Nyumbani hasubiriwi.

Ombi moja kwa wanaume. Ngiri inayoingia na kutoka hupasuliwa kwa siku iliyopangwa, mara nyingi kwa ganzi ya mgongoni, na wengi hulala usiku mmoja au hawalali kabisa. Wiki chache bila kubeba mizigo, kisha shambani. Huyo ndiye mtu ambaye watoto wanne hawatakosa wa kuwalimia. Na msiite kila uvimbe wa huko "mshipa" au "busha" mkaacha. Busha linajaa maji kwenye pumbu na halizibi utumbo. Ngiri inaziba. Kwa macho ya nyumbani huwezi kutofautisha.

#6 MamaWawili

Naandika machozi yananilenga. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi saba. Siku ile alikuwa anacheza vizuri, ghafla akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia, akavuta magoti mpaka tumboni, akawa mweupe midomoni. Dakika mbili tatu, kisha kimya, akalegea begani kwangu kama amelala. Baada ya robo saa tena. Nilidhani meno.

Alitapika maziwa, kisha kijani. Jioni nikabadili nepi, nikakuta hamna kinyesi, ni ute mzito wenye damu, kama umechovya makamasi kwenye juisi ya rozela. Kituo cha kwanza nilichokwenda wakaniambia ni kuhara damu, nikapewa dawa ya maji nirudi nyumbani. Nikarudi kweli! Mpaka leo najiuliza kwa nini sikubisha.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, mkunga mstaafu. Alimlaza mtoto mapajani wakati amelegea, akapapasa tumbo taratibu upande wa kulia juu, akaniambia, "Mwanangu, hapa pana kitu kama ndizi changa. Usingoje asubuhi." Usiku ule ule tukapanda bajaji. Altrasaundi ikaonyesha utumbo umeingia ndani ya utumbo, kama unavyovuta mkono wa shati ndani ya mkono wake. Walimpasua, wakausukuma ukatoka bila kukata hata kidogo, kwa sababu tulifika saa chache kabla haujaoza. Sasa ana miaka minne, hapa nilipo ananivuta khanga.

#7 Tumaini_Iringa

MamaWawili pole na hongera. Nimeshawahi kusikia chanjo ya rota ndiyo inasababisha hiyo ya utumbo kuingia ndani ya utumbo. Ni kweli? Nina mtoto anapaswa kwenda kliniki wiki hii.

#8 NesiWaZamu

Mpeleke kliniki. Chanjo ya kwanza kabisa ya rota iliyotumika Marekani iliondolewa mwaka 1999 kwa sababu hiyo hasa, ndiyo maana maneno yapo. Iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2013 ni nyingine, na ilifuatiliwa katika nchi saba za Afrika, yetu na Kenya zikiwemo, bila kuonekana kuongeza tatizo hili. Kuhara kwa rota nako kunaua.

Niongeze kuhusu watoto wachanga kwa sababu huko ndiko tunakochelewa zaidi. Mtoto mchanga akitapika kijani, hata mara moja, hata kama ananyonya na anaonekana mzima, ni hospitali siku hiyo hiyo. Huenda utumbo wote umejisokota kwenye mzizi wake. Mtoto aliyezaliwa akapita siku mbili bila kutoa choo cheusi cha kwanza aangaliwe, na mkunga ahakikishe njia ya haja kubwa ipo. Na yule wa wiki tatu hadi sita anayenyonya vizuri kisha anatapika kwa nguvu mpaka maziwa yanaruka mbali, hamna kijani ndani yake, na mara moja anataka titi tena, huyo mlango wa kutokea tumboni umenenepa na kubana. Anakonda mbele ya macho yako huku watu wanakwambia "anacheua tu".

Kwa watu wazima ule mlango wa tumbo huziba pia. Ni mtu aliyeugua vidonda vya tumbo miaka mingi, au mwenye saratani ya tumbo. Anashiba kwa vijiko viwili, na jioni anatapika maharage ya jana yakiwa bado mazima. Hapo matapishi hayana nyongo, maana nyongo inaingia mbele ya mlango huo. Hiyo huenda polepole, ni wiki na miezi, na watu huendelea kununua dawa za vidonda dukani tu.

#9 Mwanamvita

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi ni wa makovu aliyoyataja daktari. Nimezaa kwa upasuaji mara mbili, wa mwisho miaka tisa nyuma. Mwezi wa Ramadhani, baada ya futari, tumbo likanishika. Wifi yangu akasema ni kula kwa pupa baada ya saumu. Nikakubali, nilikuwa nimekula viazi karai na mbaazi kweli. Lakini kila likinishika nilikuwa nasikia tumbo linanguruma kwa sauti, hata mume wangu akalisikia akiwa upande wa pili wa chumba, kisha kutapika.

Daktari aliponiona aliuliza kitu kimoja: umewahi kupasuliwa? Nikashangaa, mshono wa miaka tisa una nini na tumbo la leo? Sikujua kwamba kovu la ndani halina muda wake.

Mpira wa puani si raha, nisiwadanganye. Wanakwambia umeze huku wanausukuma, macho yanatoka machozi. Lakini ulipofika tu, maji ya kijani yakaanza kushuka mfukoni, zaidi ya lita, na ile hali ya kutaka kupasuka ikanitoka kama mtu aliyenifungua mshipi. Siku ya pili usiku wa manane nikasikia upepo umepita. Nikamwamsha nesi kumwambia, naye akaandika kwenye faili langu kabisa, na saa! Sikupasuliwa. Mkiwa na mshono wowote tumboni, wa zamani vipi, mtajeni mnapoulizwa.

#10 Kijana_Nzega

Wakuu habari. Nimeingia humu kwa kutafuta, nina shida sasa hivi. Mzee wangu ana miaka 66. Tangu jana asubuhi hajapata choo wala upepo, tumbo limevimba sana upande mmoja juu, ukiligonga linalia kama debe. Maumivu yanakuja yanaondoka. Hajatapika ila ana kwikwi na hataki chakula. Hana uvimbe kinenani, nimeangalia baada ya kusoma hapa. Anasema imewahi kumtokea mara mbili miaka ya nyuma, ikaachia yenyewe, akatoa upepo mwingi sana na akapona. Kwa hiyo anasema tusubiri. Baba yangu ni mkali, sijui nimwambie nini.

#11 Dkt_Mpasuaji

Kijana, usisubiri. Mzee wa umri huo, tumbo kubwa linalolia kama debe, hana upepo, na imewahi kumtokea ikaachia: hapo nafikiria utumbo mpana uliojisokota. Ukijisokota nusu huweza kujifungua wenyewe, ndizo zile mara mbili. Ukijisokota kabisa unakatika damu. Kutotapika kusikutulize, maana palipoziba ni chini.

Mwambie mzee hivi, kwa heshima: "Baba, shikamoo. Daktari amesema zikifika mapema hizi mara nyingi hufunguliwa kwa mpira bila kupasua. Tukichelewa ndipo kisu cha dharura." Ni kweli tupu, si hila. Mpeleke hospitali yenye upasuaji moja kwa moja kama unaweza, usipitie zahanati ukapoteza saa. Asile, asinywe dawa. Andika saa ya choo cha mwisho na upepo wa mwisho kwenye karatasi.

#12 MsolwaMpunga (mleta uzi)

Kijana_Nzega, kodi gari sasa hivi. Kama shida ni nauli sema hapa hapa, tutachanga. Akigoma mwite dada yake mkubwa au rafiki yake wa msikitini au kanisani, yeyote anayemsikiliza. Mimi sikuwa na ujasiri wa kumbishia baba mdogo. Uwe nao wewe.

#13 Mchongoma

Niko tayari kuchangia. Tuma namba kwa mleta uzi faraghani.

#14 Kijana_Nzega

Wakuu, ni saa 9 alasiri siku ya pili. Nilishindwa kuandika jana.

Shangazi ndiye aliyemwinua mzee. Alimwambia tu, "Panda gari, kaka," akapanda. Nauli nilipata kwa jirani, asanteni sana kwa kujitolea. Picha walinionyesha: katikati ya tumbo kuna kitu kikubwa cheusi, kimejikunja kama punje moja ya kahawa, kimejaa tumbo zima. Daktari akasema ndicho kile kile mlichosema.

Walimlaza kwa ubavu wa kushoto, wakapitisha kifaa na mpira kwa njia ya haja kubwa. Nilikuwa nimesimama nje ya pazia. Ghafla nikasikia upepo unatoka kwa kishindo na maji yakimwagika, na mzee akasema kwa sauti kubwa, "Ahaa!" Nesi alipofungua pazia, tumbo lilikuwa limeshuka kama begi lililotolewa nguo. Mpira wameuacha ndani, kwa leo.

Wamesema usipokatwa ule utumbo uliorefuka utajisokota tena, kwa hiyo atapasuliwa kwa kupangwa akipata nguvu, kabla ya kuruhusiwa. Mzee amekubali. Amekunywa maji asubuhi hii. Ameniuliza ninyi ni akina nani, nikamsomea majina yenu. Nilipofika kwa Mchongoma mzee amecheka, akasema hilo jina ni la mtu wa kwetu.

#15 MsolwaMpunga (mleta uzi)

Alhamdulillah. Alhamdulillah rabil alamin. Nimemsomea mama mdogo hii posti yako, akaomba nimsomee tena.

Na mimi nina taarifa. Ijumaa iliyopita baada ya swala niliwakalisha wanaume wote wa ukoo wetu sebuleni, wakubwa kwa wadogo, milango ikafungwa. Nikawaambia kilichomuua baba mdogo na alichokificha. Nikauliza nani anayo. Kimya kirefu. Kisha kaka yangu wa pili akanyoosha mkono, miaka mitano sasa. Akafuata binamu yetu, ana miaka 24 tu, anabeba magunia mashineni. Wote wawili wamekwenda kliniki ya upasuaji Jumanne. Kaka amepangiwa Alhamisi ijayo, binamu wiki inayofuata, na vijana wengine wameshagawana zamu za kuwabebea mpunga.